Pad si Mwiko

Voi, 3 Machi 2025

Babu, shikamoo.

Huku hatujambo. Joto limezidi, mabati yanalia mchana kutwa. Duka la simu linaenda; wiki iliyopita nimefufua simu mbili zilizoanguka chooni, na wenyewe wote wawili wameapa kwamba ziliangukia kwenye ndoo. Mama anakusalimu sana. Mwambie shangazi Jerusha dawa ya miguu yako nimeipata, na Maundu ataileta kwa gari lake Jumatano pamoja na barua hii. Najua kwenye simu hunisikii, na najua unavyosema kwamba neno zito liandikwe. Basi naandika, ingawa nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Jumamosi nimezuiwa mlangoni pa ukumbi.

Unayajua yale mashindano ya tenisi ya kwenye skrini, maana wewe ndiye mlezi wake na sheria zake umeziandika mwenyewe. Wazazi walilalamika kwamba vijana wa Voi wanakaa kutwa wamejikunja wakibonyeza vitufe vya pad, ndiyo kamati ikaamua mwaka huu kila mtu asimame, acheze kwa ile rimoti ya kuzungusha hewani kama raketi. Ulicheka uliposikia tunaiita mwiko. Ulisema kweli, mtu akiishika ni kama anasonga ugali.

Nilifika na pad yangu. Josephat Kimanzi, mwenyekiti, akanisimamisha.

“Abby, leo huchezi.”

“Kwa nini? Jina langu liko tangu Januari.”

“Umekuja na pad.”

“Soma sheria ya nne.”

Akatoa karatasi, akasoma kwa sauti ili wote wasikie: “Kwa mchezaji aliyeumia mkono, pad si mwiko.” Kisha akakunja karatasi. “Si umesikia? Pad si mwiko. Na hapa tunacheza kwa mwiko.”

“Mzee, hiyo ina maana pad haijakatazwa!”

“Ina maana pad si mwiko. Kama vile sufuria si sahani.”

Watu wakacheka. Wesley, yule anayejiita bingwa, akapaza sauti kutoka nyuma: “Dada, enda kwanza usonge ugali ujifunze!”

Babu, wewe uliniona nilivyokuwa baada ya bodaboda kutuangusha pale Miasenyi. Vifundo vyangu vyote viwili vya mikono vina vyuma. Vidole viko sawa, ndivyo vinavyonilisha, lakini vifundo havigeuki. Mwiko siuwezi. Pad naiweza kuliko mtu yeyote Voi, na hao wote wanalijua hilo.

Josephat anasema hawezi kuamua maana ya sentensi ya mtu mwingine. “Mwenye sentensi aseme mwenyewe.” Raundi ya kwanza nimeshaikosa. Ya pili ni tarehe 7 Juni, na nikiikosa hiyo, safari ya kwenda kushindana Mombasa Agosti ndiyo basi. Tafadhali mwandikie mistari miwili tu. Sema ulimaanisha nini.

Mjukuu wako mwenye hasira,
Abby


Rukanga, Kasigau, 19 Machi 2025

Mjukuu wangu Abby,

Barua na dawa nimepokea. Miguu bado imevimba. Kiatu cha kanisani sasa hakiingii, naenda ibadani na kandambili kama mtu anayekwenda kuoga. Tembo wameingia shamba la pojo la Jerusha mara mbili. Alikuja bwana mmoja wa wanyamapori akapiga picha za nyayo, akaandika, akanywa maji, akaondoka. Mwambie mama yako nimepata ile blanketi na ni nzuri.

Nilipofika kwenye habari ya ukumbini nilishindwa kumaliza chai. Josephat Kimanzi! Mimi ndimi niliyemfundisha. Insha zake zilianza bila mtenda na kwisha bila nukta. Leo huyo ndiye anayesimama mbele ya umma kufasiri Kiswahili! Na hao waliocheka walicheka nini? Kwamba mtu ameumia? Niliwafundisha wazazi wao usafi wa lugha na usafi wa mchezo kwa miaka thelathini na minne, na sasa watoto wao wanamwambia binti wa watu akasonge ugali. Nimeudhika mpaka Jerusha akaniondolea gazeti akidhani ndilo lililoniudhi.

Sentensi ile ina maneno saba. Hakuna hata moja lililokosewa. Kama kuna mtu haielewi, kasoro iko kwa msomaji.

Kuhusu kumwandikia, nitamwandikia nikipata nguvu. Mambo ya kamati yana utaratibu wake, na mlezi hafai kuonekana anapendelea damu yake.

Kunywa maji mengi katika joto hilo.

Ni mimi babu yako,
Mwl. Fanuel Mwadime


Voi, 4 Aprili 2025

Babu, shikamoo.

Pole kwa pojo. Mama amesema atakuja Pasaka kama mvua haitakata barabara. Hapa dukani nimepata msaidizi, Carolyne, anajua kuongea na wateja kuliko mimi, kwa hivyo sasa wateja hawakimbii.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali unaposema ulimaanisha nini. Umemsema Josephat, umewasema waliocheka, umewasema hata wazazi wao. Nilifurahi, sikatai. Lakini jibu silioni.

Basi nilienda kwa Josephat mwenyewe na barua yako mkononi, tayari kumwonyesha. Alinikaribisha vizuri, akaniambia jambo ambalo sikulijua. Anasema sheria zilipofika kwa kamati, wao wenyewe walibishana juu ya sheria ya nne. Wengine wakasema pad imeruhusiwa, wengine wakasema imekatazwa. Kwa hivyo tarehe 8 Februari alipanda gari la Maundu akaja Rukanga kukuuliza. Anasema ulikuwa umekaa kitandani. Akakuuliza, “Mwalimu, pad inaruhusiwa au hairuhusiwi?” Nawe ukamjibu, “Pigeni chapa kama ilivyo. Mwiko ni mwiko.”

Babu, huyu mtu ananidanganya? Kama ananidanganya, niambie nirudi kwake leo leo. Kama hadanganyi, basi ulijua kabla yangu.

Na hii habari ya jasho ambayo kila mtu anaiimba imenichosha. Wesley anasema pad ni ya wavivu, ati wao wanacheza kwa mwili mzima. Nimemtazama akicheza nyumbani kwao. Anakaa kwenye kochi, mguu juu ya meza, anapindua kifundo tu, hivi na hivi, na mpira unaenda kama umepigwa na mtu mwenye nguvu za ng'ombe. Mashine haioni jasho. Haioni bega wala mguu. Inasikia kifundo cha mkono, basi. Na kifundo ndicho sina! Mimi na pad nahesabu kila mpira, nabonyeza kwa wakati wake, nikichelewa kidogo nimekosa. Nani mvivu hapo?

Ulimaanisha nini? Ni swali la maneno mawili.

Abby


Rukanga, Kasigau, 11 Mei 2025

Mjukuu wangu,

Usinihesabie siku. Mvua ilikata barabara, na barua yako nadhani ilikaa kwa Maundu. Halafu nililazwa siku nne. Daktari alimwita Jerusha nje ya wodi wakazungumza, na mgonjwa akiona mtu wake anaitwa nje, hahitaji kuelezwa. Sasa niko nyumbani. Nalala nimeegemea mito mitatu kwa sababu ya pumzi. Jerusha ananilisha uji kama kifaranga, na nikikataa ananitishia kuniletea mchungaji.

Umeandika mengi kuhusu vifundo na vidole. Nami nitasema langu, kwa maana mambo haya yananiudhi kuliko unavyodhani. Kiswahili kina kucheza na kina kuchezea. Anayecheza mpira anaingia mwilini mwake wote. Anayechezea kitu yuko mbali nacho, anakipapasa tu. Ukikaa ukabonyeza vitufe, unauchezea mchezo. Sikatai kwamba una ustadi. Fundi wa saa naye ana ustadi, lakini hatumpi kombe la riadha. Nimeona kizazi kizima kikinenepa mbele ya kioo, na watu wazima wanasimama pembeni wakipiga makofi! Kamati ilipoamua watu wasimame, nilisema walau kuna watu bado wana akili.

Kuhusu lile swali lako, sioni lina haraka gani. Nilipumzika vibaya usiku wa jana na mkono unachoka.

Babu


Voi, 16 Mei 2025

Babu,

Leo sina salamu.

Maundu anasema barua yangu alikutia mkononi tarehe 9 Aprili, ukaifungua mbele yake, ukaisoma, ukaiweka chini ya mto.

Nilikuuliza kama Josephat ananidanganya. Hukusema anadanganya.

Tarehe 7 Juni ni wiki tatu. Sitaki somo la kucheza na kuchezea. Ulimaanisha nini?

Abby


Rukanga, Kasigau, 27 Mei 2025

Abby,

Josephat hakukudanganya.

Nimekaa na karatasi hii siku tisa. Moyo umechoka, maji yanapanda, na hakuna wa kuyateremsha. Hayo Jerusha ananificha na mimi namficha kwamba nayajua. Ninakuandikia kidogo asubuhi, kidogo jioni. Mwandiko ukipinda, vumilia.

Nilipoiandika sentensi ile, Desemba, nilimaanisha ruhusa. Pad haijakatazwa kwa aliyeumia. Niliiandika kwa ajili yako na si kwa mtu mwingine. Nilikuwa nakuona wewe tu. Hata niliufurahia ule mchezo wa neno, mwiko wa jikoni na mwiko wa katazo, nikajiona hodari.

Josephat alipokuja Februari, sentensi ilikuwa ileile. Mimi ndiye niliyekuwa nimegeuka.

Ni kwa sababu ya tarehe mbili Januari. Wewe unaikumbuka kama siku ya furaha, ndiyo maana hukuifikiria. Tulikuwa kwenu Voi baada ya chakula. Mimi nilishika mwiko. Unajua mwiko ule una maana gani kwangu. Kiharusi kiliponichukua mkono wa kulia mwaka juzi, ni wewe uliyeniwekea mashine ya mchezo sebuleni, ukanishikisha mwiko, ukanisimamia kila asubuhi kwa miezi mitatu, ukihesabu, “Moja tena Babu, moja tena,” mpaka mkono ukarudi. Mkono unaoandika hapa ni huo.

Siku hiyo nilivua koti. Nilitaka watu waone. Wewe ulikaa mkekani umekunja miguu, njugu mdomoni, pad mapajani, hata vidole huviangalii. Sita kwa bila. Nilirusha mkono mpaka shati likaloa, nikaugonga mwiko kwenye kabati la vyombo, nikahema kama mbuzi. Maundu alicheka mpaka akatoka nje. Jerusha alicheka akijifunika kwa leso. Wewe hukucheka. Ingekuwa heri ungecheka. Ulisema kwa upole, “Pole Babu, keti sasa.”

Keti. Abby, neno hilo ni langu. Nimelitumia uwanjani miaka thelathini na minne. Mtoto mwenye mguu mbovu, mwenye pumu, mnene, mwenye macho mabaya: “Wewe keti pale, ushike nguo za wenzako.” Nilidhani nawahurumia. Hakuna aliyewahi kuniambia mimi neno hilo mpaka uliponiambia wewe, na kwa jinsi lilivyonichoma, ilinipasa niwakumbuke wao. Sikuwakumbuka. Nilikukasirikia wewe.

Kwa hivyo Josephat alipouliza, na aliuliza vizuri kuliko nilivyomfundisha, jibu nilikuwa nalo. “Inaruhusiwa.” Neno moja. Nikamwambia mwiko ni mwiko. Nilijua atakavyolichukua. Nilitaka na wewe uketi, angalau msimu mmoja, uone ladha yake. Mzee wa miaka themanini na moja alimfanyia hivyo mjukuu aliyemrudishia mkono wake. Ningelisoma hili kwenye daftari la mwanafunzi ningeandika pembeni kwa wino mwekundu: haiwezekani. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na kisha nikamtukana Josephat kwa kusoma sawasawa nilichomwambia. Hasira za barua zangu zilikuwa za kweli, ila nilizielekeza kwa mtu asiyehusika.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, iko wazi, ya Josephat. Isome kabla hujampa. Nimemwandikia yote haya, na nimemwomba aisome ukumbini kabla mpira wa kwanza kurushwa, asiipunguze. Nimejiondoa ulezi. Jerusha alinisihi niseme tu kwamba niliugua nikasahau. Alilia. Nikamwambia nimesahihisha maandishi ya watu maisha yangu yote, na haya yangu sitamwachia mtu mwingine.

Na kwa kuwa nasema kweli, nitaisema yote: bado naona mchezo usiotoa jasho ni nusu ya mchezo. Hilo ni wazo langu na nitazikwa nalo. Lakini lilikuwa wazo, halikuwa sheria, na sikuwa na haki ya kuligeuza sheria kwa ajili ya aibu ya alasiri moja.

Unijibu utakavyo. Ukinijibu kwa hasira nitajua barua imefika.

Fanuel Mwadime, babu yako


Voi, 9 Juni 2025

Babu,

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Nimempelekea Josephat barua bila kupunguza hata nukta. Nilimpa Alhamisi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaniambia, “Jumamosi njoo mapema.” Sikujua ana maana gani. Nilifikiri labda ananifukuza mapema.

Ukumbi ulijaa. Alipanda jukwaani akasema mlezi wa mashindano ameandika na amewataka wote wasikilize. Akasoma. Pale kwa kiharusi watu walinigeukia, nikatamani sakafu ifunguke. Pale kwa njugu walicheka, na Maundu, aliyekuja kunishangilia, akacheka tena bila haya. Kisha Josephat akafika kwenye watoto walioshika nguo, akaishusha karatasi. Tukafikiri amepoteza mstari. Akaomba maji. Akanywa.

“Mimi nilikuwa na pumu,” akasema. “Nilishika nguo mpaka darasa la nane.”

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Akamaliza barua yako mpaka jina, akachukua kalamu, akaifuta sheria ya nne mbele yetu, akaandika juu yake na kusoma anachoandika: “Aliyeumia mkono anaruhusiwa kucheza kwa pad.” Akaniangalia. “Hapo kuna maana ngapi?”

“Moja, Mzee.”

“Basi chukua pad yako. Unachelewesha watu.”

Nilishinda mbili za kwanza. Nusu fainali nikakutana na Wesley, ambaye hapo ukumbini hana kochi wala meza ya kuweka mguu, kwa hivyo ilibidi asimame kama sheria inavyotaka. Akanipiga saba kwa tano. Alikuwa ameloa mwili mzima, na alipokuja kunipa mkono akakumbuka vyuma, akanigusa kiwiko badala yake. “Dada,” akasema, “hivyo vidole si vya kawaida. Lakini nimekupiga.” Nikamwambia ameshinda kwa bahati, naye akasema hiyo ndiyo lugha ya walioshindwa. Wote wanne wa nusu fainali wanaenda Mombasa. Nami naenda.

Sasa nisikilize. Sijakusamehe.

Nimelala na barua yako siku kadhaa nikitafuta kama hasira imepungua. Haijapungua. Umenichukulia raundi nzima. Umeniacha miezi mitatu nikizunguka na maneno yako mfukoni kama ushahidi, nikimwita Josephat mjinga mjini kote, na wewe umeegemea mito ukijua. Nilikufundisha kuinua mkono, nawe ukautumia huo huo! Na nilipokuambia keti nilikuwa nimeogopa, Babu. Midomo yako ilikuwa imebadilika rangi. Nilidhani unakufa pale sebuleni mbele ya njugu zangu. Hukuwahi kuniuliza kwa nini nilisema. Uliamua mwenyewe maana yake, wewe unayewafokea watu kwa kutojua kusoma.

Hayo ni ya mwanzo tu. Mengine hayaandikiki, na hata yakiandikika siyapi karatasi, nataka nikuone uso nikiyasema.

Shangazi Jerusha amenipigia. Anasema tangu uandike ile barua umetulia, unaongea kama mtu aliyemaliza kazi, unagawa vitabu, umemwambia nani apewe koti. Mwambie akurudishie koti. Nafunga duka Jumamosi, nakuja Rukanga na gari la kwanza, na nitakaa wiki nzima. Huwezi kukiri jambo kama hilo halafu ukaondoka kabla mtu hajamaliza kukukasirikia.

Abby